Kipimo na Kiasi

Asubuhi ya Novemba, katika msitu wa mialoni wa Wisconsin, mwindaji ameketi juu ya ulingo uliofungwa kwenye shina la mti, mita tano hivi kutoka ardhini. Amefika kabla ya mapambazuko. Upinde uko magotini, mshale umekwisha kupachikwa kwenye upote, na vidole vimeanza kufa ganzi kwa baridi. Kulungu dume anatokea pembezoni mwa kichaka, anasimama, anainamisha kichwa kuokota matunda ya mwaloni yaliyodondoka. Mwindaji anainua kifaa kidogo kinachoenea kiganjani, anakiweka jichoni, anabonyeza kitufe. Ndani ya kioo inajitokeza tarakimu: 38.

Tarakimu hiyo ni ya kweli. Kati ya mwindaji na mnyama pana mita 38, si 35 wala 40. Linalobaki ni kujua kweli hiyo inamwamuru nini, au kama inamwamuru lolote.

Jina la mnyama huyo lahitaji neno moja kabla ya kuendelea. Kulungu wa vichaka vya Afrika Mashariki ni mnyama mwingine. Waswahili waliohamia Marekani wamemwazima jina lake ili wamwite huyu wa huko, mwenye mkia mweupe, kwa sababu lugha haikuwahi kukutana naye. Wengine humwita swala, na waliokulia kwenye Biblia hukumbuka ayala. Hapa atabaki kulungu. Vilevile, wawindaji wa huko huhesabu kwa yadi, lakini hesabu zote zinazofuata ni za mita.

Kipima umbali cha leza hufanya kazi kwa njia iliyo rahisi kuelezwa. Hutoa mwale mfupi wa mwanga usioonekana, mwale unagonga ubavu wa mnyama au gome la mti, chembe yake inarudi, na kifaa kinahesabu muda uliopita. Kwa kuwa mwanga husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, safari ya kwenda mita 30 na kurudi huchukua moja ya tano ya sehemu ya milioni ya sekunde. Vifaa vingi vya leo hupima pia mwinamo, kwani mvutano wa dunia huushusha mshale kwa kadiri ya umbali wa mlalo, na si kwa urefu wa mstari wa jicho. Mlimani, anayelenga mnyama aliye mita 30 chini yake kwa mwinamo wa nyuzi 30 anapaswa kulenga kana kwamba yuko mita 26. Jicho haliwezi kufanya hesabu hiyo. Kifaa huifanya kabla mtu hajapepesa.

Kwa nini mita chache ziwe na uzito wa kimaadili? Kwa sababu mshale hauui kama risasi. Risasi hupasua kwa kishindo. Mshale hukata, na mnyama hufa kwa kuvuja damu. Ukipita kwenye mapafu au moyo, kulungu huanguka baada ya sekunde chache. Ukipita kwenye utumbo, hufa baada ya saa nyingi, peke yake, mahali ambapo huenda asionekane kamwe. Eneo linalotenganisha vifo hivyo viwili lina upana wa sahani ya chakula, sentimita 20 hadi 25.

Sasa ichukuliwe hesabu sahili, ikiacha kando ukinzani wa hewa. Mshale unaotoka kwenye upinde wa kisasa kwa mwendo wa mita 85 kwa sekunde, ukilengwa kwa umbali wa mita 30 ilhali mnyama yuko mita 35, utapiga sentimita 12 chini ya pale palipokusudiwa. Mnyama akiwa mita 40, utapiga sentimita 27 chini. Kosa la kwanza linaupeleka mshale kwenye ukingo wa sahani. La pili linaupeleka kwenye mguu au chini ya tumbo. Na mita kumi ndilo kosa ambalo macho hulifanya kwa urahisi kabisa: kwenye mwanga hafifu wa alfajiri, juu ya bonde linalodanganya, mbele ya mnyama ambaye ukubwa wake haujulikani hakika, huku moyo ukidunda kifuani.

Hapa ndipo hoja ya kwanza inapopata nguvu. Anayeweza kujua, akaamua kukisia, amefanya nini? Mapokeo ya Kiislamu, ambayo yamekaa katika Kiswahili kwa karne nyingi, yana neno la kumjibu. Katika hadithi iliyopokewa kutoka kwa Shaddad bin Aus, iliyomo katika Sahihi ya Muslim, Mtume anafundisha kwamba ihsani imefaradhishwa katika kila jambo, hata katika kuua, na kwamba mchinjaji anatakiwa anoe kisu chake na kumpunguzia mnyama mateso. Jambo la kuangaliwa ni mahali wajibu huo unapoanzia. Unaanza kwenye jiwe la kunolea, kabla kisu hakijagusa shingo. Upole kwa mnyama hupimwa kwa maandalizi, na huruma ya moyoni peke yake haimwokoi mchinjaji aliyekuja na kisu butu. Kwa mantiki hiyo, kujua umbali ni sehemu ya kunoa. Mshale wenye kigumba kikali uliotupwa kwa kukisia ni kisu kikali kilichoshikwa na mtu aliyefumba macho.

Wapo wanaokipinga kifaa hiki kwa jina la ustadi. Husema kwamba mwindaji wa kweli hujifunza kusoma ardhi kwa macho, na kwamba anayesomewa umbali na betri amepoteza kitu ambacho babu zake walikuwa nacho. Malalamiko hayo si ya kubezwa, kwa maana ni kweli kwamba kila chombo kinachofanya kazi ya jicho hulidhoofisha jicho. Lakini ustadi wa kukadiria huweza kujengwa pasipo mnyama. Mtu anaweza kutembea shambani, akakadiria umbali wa mti, kisha akauhesabu kwa hatua zake, siku baada ya siku. Anapoamua kuujaribu ustadi huo juu ya kiumbe hai, hali chombo cha kuhakikisha kimo mfukoni, ada ya mafunzo yake inalipwa na mwingine. Fahari ya mwindaji haina thamani yoyote kwa kulungu aliyevunjika mguu.

Mpaka hapo kipimo kimeshinda. Laiti mambo yangeishia hapo, pasingekuwa na haja ya kuandika zaidi ya kusema kwamba kila mwindaji anunue kifaa chake. Lakini kipimo kina uso wa pili, na uso huo hauonekani mpaka mtu aangalie kile ambacho tarakimu haikipimi.

Tarakimu hupima ardhi. Haimpimi kulungu. Inasema mnyama alikuwa wapi mwale ulipomgusa. Haisemi atakuwa wapi mshale utakapofika. Upote unapoachiwa hutoa sauti, na sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, mara nne ya mwendo wa mshale. Kulungu akiwa mita 20, mshale unatumia karibu sekunde 0.24 kumfikia, na sauti inamfikia ikiwa imebaki sekunde 0.18. Akiwa mita 40, mshale unatumia sekunde 0.47, na sauti inatangulia kwa sekunde 0.35. Kulungu aliyeshtuka huinama kwanza, akikunja miguu ili apate nguvu ya kuruka. Kila mwindaji wa upinde ameona mshale ukipita juu ya mgongo uliokuwapo na sasa haupo. Ichukuliwe kwamba mnyama anachelewa kushtuka kwa sekunde 0.15. Kwa mita 20 hubakiwa na muda mdogo mno hata mwili wake haujashuka sentimita moja. Kwa mita 40 hubakiwa na sekunde 0.2, na mwili unaojiachia kuanguka kwa muda huo hushuka sentimita 20. Sahani nzima imehama.

Basi kuna ujinga wa aina mbili mbele ya mwindaji. Wa kwanza ni wa kutojua umbali, na huo kifaa huuondoa. Wa pili ni wa kutojua mnyama atafanya nini ndani ya nusu sekunde, na huo hakuna kifaa kinachouondoa. Hukua kadiri umbali unavyokua. Hatari ya kipimo ni kwamba kwa kuuondoa ujinga wa kwanza kabisa, kinamfanya mtu asahau wa pili. Zamani, mwindaji aliyemwona kulungu kule mbali alisita kwa sababu hakujua kama ni mita 35 au 45, na kusita kwake kulimlinda mnyama pasipo yeye kukusudia. Leo tarakimu inatokea kwenye kioo, wasiwasi unatulia, na mkono unavuta upote. Yakini juu ya jambo moja imejigeuza kuwa ujasiri juu ya mambo yote.

Historia ya upinde Marekani inaonyesha jinsi hali hii ilivyojengeka. Mwaka 1911 mtu mmoja aliyeitwa Ishi, wa mwisho wa watu wa Yahi, alitokea karibu na mji wa Oroville, California, baada ya jamaa zake wote kuangamia. Alipelekwa San Francisco, akaishi katika makumbusho ya chuo kikuu hadi kifo chake mwaka 1916. Daktari Saxton Pope, aliyemtibu, alijifunza kwake kutengeneza upinde na kuwinda nao. Pope ameandika jinsi Ishi alivyokuwa akiwaita sungura kwa sauti ya midomo, akijificha na kungoja mpaka wasogee. Elimu ya Ishi juu ya umbali ilikuwa elimu ya kuufuta. Mnyama aliye mbali hakuwa tatizo la kupimwa. Alikuwa mnyama ambaye bado hajafika.

Kitabu cha Pope cha 1923 kiliwasha hamu ya upinde miongoni mwa Wamarekani, na mwaka 1934 Wisconsin ikawa jimbo la kwanza kutenga msimu wa kulungu kwa wapiga mishale. Kisha, mwaka 1966, Holless Wilbur Allen wa Missouri aliomba hataza ya upinde wenye magurudumu madogo ya kapi, akaipata mwaka 1969. Upinde huo ulimpunguzia mpigaji uzito anaoushikilia akiwa amevuta hadi mwisho, ukaongeza mwendo wa mshale, na ukaufanya ulengwe kwa utulivu ambao upinde wa mti haukuujua. Chombo kilipoweza kufika mbali, ndipo mtu alipohitaji kujua mbali ni wapi hasa. Haja ya mpiga mishale ya kipima umbali ilizalishwa na chombo kingine.

Chama cha Pope and Young, kilichoanzishwa mwaka 1961 na kubeba jina la daktari huyo na rafikiye Arthur Young, kiliweka mstari ambao unafaa kutafakariwa. Kwa miaka mingi kanuni zake zilikubali kipima umbali cha mkononi, lakini zilikataa kile kilichofungwa kwenye upinde wenyewe. Majimbo kadhaa yamefuata mkondo huo katika sheria zao. Mtu wa nje anaweza kuona kichekesho: mwale ni ule ule, tarakimu ni ile ile, tofauti ni sentimita chache kati ya kiganja na mpini. Hata hivyo mstari huo una hekima. Kifaa cha mkononi hulazimisha tendo la kujua na tendo la kupiga yawe matendo mawili. Mtu hupima, hukiweka kifaa chini, hushika upinde, huvuta. Kati ya kifaa na upote pana sekunde kadhaa ambamo uamuzi unaweza kuishi. Kifaa kilichofungwa kwenye upinde huzifuta sekunde hizo: kujua na kutenda vinakuwa tendo moja, na uamuzi hauna pa kusimama.

Mstari wa sheria, hata hivyo, hauwezi kumfuata mtu mpaka juu ya ulingo. Aldo Leopold, ambaye mwenyewe aliwinda kwa upinde huko Wisconsin na ambaye kitabu chake maarufu kilitoka mwaka 1949, alieleza kwamba mwindaji, tofauti na mchezaji uwanjani, hana watazamaji wa kumshangilia wala kumzomea. Dhamiri yake ndiyo mwamuzi wake. Uwindaji ni mojawapo ya mambo machache ambamo mtu huweza kukosea vibaya sana bila kiumbe mwingine kujua, ila yule aliyekosewa.

Hapo ndipo tarakimu inapopata kazi ambayo mtengenezaji wake hakuikusudia: inakuwa shahidi. Aliyekisia ana udhuru. Anaweza kusema alidhani ni mita 30, na kusema kweli. Dhana ni pazia ambalo mtu hujificha nyuma yake, na mara nyingi nafsi hulining'iniza kwa makusudi. Aliyepima hana pazia. Aliona 38 kwa jicho lake, akaachia. Mshale ukipiga utumbo, hawezi kuulaumu mwanga hafifu wala bonde. Kwa hiyo si kweli kwamba chombo kimempunguzia mtu mzigo, kimemwongezea. Kila tarakimu inayotokea kwenye kioo ni udhuru mmoja uliofutwa.

Mapokeo ya fikihi yaliiona tofauti hii ya dhana na yakini zamani sana, na katika uwindaji hasa. Katika hadithi za Adi bin Hatim, mwindaji aliyelitaja jina la Mungu akarusha mshale, kisha akampata mnyama baadaye pasipo alama nyingine ila ya mshale wake, ameruhusiwa kula. Akimkuta ameanguka majini, asile, kwa kuwa haijulikani kama aliyeua ni mshale au ni maji. Msomaji wa Minnesota au Ohio anayeletewa na jirani paja la kulungu hulijua swali hili kwa upande wa chakula. Lakini ndani yake mna swali la pili lililo pana zaidi: mtu anawajibika kujua tendo lake limefanya nini, na pale asipoweza kujua, hana haki ya kujipa jibu linalompendeza. Shaka haitafsiriwi kwa faida ya tumbo.

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya haya yote ni hii: mtu anayejali mateso ya mnyama kiasi hicho, si afadhali atumie bunduki, au abaki nyumbani? Bunduki ina hakika zaidi kwa umbali mkubwa zaidi. Na nyama imo dukani. Hoja hii haiwezi kukwepwa, na mwindaji anayeikwepa hajafikiri.

Jibu lake linaanzia kwa kukiri kwamba upinde ni uchaguzi. Wahadza wa pande za Ziwa Eyasi nchini Tanzania huwinda kwa upinde kwa sababu ndio silaha waliyo nayo na nyama ile ni riziki. Huvizia karibu na maji, hupaka sumu ya mimea kwenye mishale ya wanyama wakubwa, na hufuata nyayo mpaka mwisho. Mizani yao ina njaa upande mmoja. Mwindaji wa Wisconsin hana njaa hiyo mizanini. Ana gari barabarani, ana jokofu nyumbani, na huenda ana bunduki kabatini. Amechukua upinde kwa sababu anataka uwindaji uwe mgumu: anataka kukaribia, kungoja, kuujua upepo na kimya. Mwanafalsafa wa Kihispania José Ortega y Gasset, katika tafakari yake ya miaka ya 1940 juu ya uwindaji, alidai kwamba hapana uwindaji pasipo mwindaji kujizuia kutumia uwezo wake wote, kumwachia mnyama nafasi.

Na tuzo ya ugumu huo, kama ipo, ni ya mwindaji peke yake. Kulungu hafaidiki kwa kuuawa na silaha dhaifu. Kutokana na hilo linafuata jambo moja ambalo halionekani kuwa na njia ya kulikwepa: aliyejichagulia ugumu ndiye anayepaswa kuubeba. Upinde ni dhaifu. Basi udhaifu wake ulipwe kwa asubuhi zinazopita bila kupiga, kwa vidole vilivyokufa ganzi, kwa kurudi nyumbani mikono mitupu mwaka huu na huenda mwaka ujao. Usilipwe kwa jeraha. Mwindaji anayechukua silaha ngumu kwa ajili ya raha yake, kisha akamtwisha mnyama gharama ya ugumu huo kwa kupiga mbali, amevunja mapatano aliyoyaandika mwenyewe. Na kifaa kinachomsaidia kufika mbali zaidi, kikitumiwa hivyo, kinamrudishia urahisi alioukataa pale alipoiacha bunduki, ila bila ya hakika ya bunduki.

Kiswahili kina neno linaloshika pande zote mbili za jambo hili. Kiasi ni idadi, kadiri ya kitu: kiasi gani cha unga, kiasi gani cha fedha. Lakini mtu wa kiasi ni yule anayejua pa kukomea. Lugha haikuona haja ya maneno mawili, pengine kwa sababu waliolitumia neno hilo sokoni na chomboni walijua kwamba hapana faida ya kupima pasipo mpaka wa kupimia. Kipima umbali hutoa kiasi cha kwanza. Kiasi cha pili hakitoki kwenye kioo.

Hata hivyo kifaa chenyewe kinaweza kukitumikia kiasi hicho cha pili, na wawindaji wengi wenye uzoefu wanaijua njia. Mtu anapopanda ulingoni, kukiwa kumekwisha pambazuka na mnyama hajaonekana, hupima kila alama iliyomzunguka: mwaloni wenye uvimbe, mita 18, jiwe lenye kuvu, mita 22, gogo lililoanguka, mita 25. Kisha hujiambia kwamba nje ya gogo hapana mshale. Anapofanya hivyo moyo wake umetulia, hapana pembe zilizojitokeza kichakani, hapana damu inayopiga masikioni. Ameiweka sheria wakati hana haja ya kuivunja. Kulungu anapokuja, swali halimo tena mikononi mwa mtu aliyeshikwa na tamaa. Lilikwisha kujibiwa na mtu yule yule alipokuwa na akili tulivu. Anaangalia gogo tu: yuko ndani au yuko nje.

Itasemwa kwamba mpaka huo ni wa kubuni, kwamba mtu mwenye mazoezi ya kila siku anaweza kupiga sahani kwa mita 50 mara kumi mfululizo. Anaweza. Lakini sahani haisikii upote. Mazoezi humbadilisha mpigaji; hayabadilishi mwendo wa sauti wala misuli ya kulungu. Fundi bora na mwanafunzi wake, wakiwa na upinde ule ule, wanampa mnyama muda ule ule wa kushtuka. Ustadi una haki ya kuupunguza mpaka pale mtu asipoweza kupiga vizuri hata karibu. Hauna uwezo wa kuusogeza mbali kuliko mnyama anavyoruhusu.

Jambo hili halihusu msitu peke yake. Watu wanaoishi mbali na walikotoka wamezungukwa na vipimo: vya damu, vya mwendo, vya usingizi, vya fedha zilizotumwa na kupokewa. Kila kipimo huja na tarakimu safi, na kila tarakimu safi ina mvuto wa kujifanya amri. Daktari husoma namba, mwenye benki husoma namba, na kila mmoja hujaribiwa kuamini kwamba kwa kuwa anajua kitu kimoja kwa hakika, basi anajua la kufanya. Wanaohitaji tahadhari zaidi ni wale ambao vyombo vyao haviongopi, kwa sababu chombo kinachoongopa humfanya mtu awe macho.

Yule mwindaji bado yuko ulingoni. Kioo kimesema 38, na gogo liko mita 25. Kulungu ameinua kichwa, anatafuna, mvuke mweupe unamtoka puani. Mwindaji anakirudisha kifaa mfukoni taratibu ili kisigonge kitu. Upinde unabaki magotini. Mnyama anaokota tena, anasogea hatua tatu kuelekea kwenye gogo, anasimama, kisha anageuka na kushuka bondeni kwa njia aliyoijia, mkia wake ukionekana kwa muda kati ya vigogo. Saa tatu baadaye mwindaji anashuka kwa ngazi, miguu ikiwa imekakamaa, anaenda kusimama pale kulungu aliposimama. Anayaona matunda ya mwaloni yaliyovunjwa na alama za kwato kwenye majani. Anageuka kuutazama ulingo wake kutoka pale, kwa macho matupu, na unaonekana kuwa karibu sana.